Shuka la Mwisho Lifuliwe na Kaka

Ndugu waombolezaji, historia hii marehemu aliisimulia mwenyewe akiwa kitandani, binti yake akaiandika neno kwa neno, naye marehemu akaagiza isomwe na kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa, ambaye ndiye mimi niliyesimama mbele yenu, na isipunguzwe hata nukta.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkewe, katika chumba kilicho nyuma ya duka, akaanza shule ya msingi Januari 1968 na kuishia darasa la saba Novemba 1974, si kwa ujinga, maana alikuwa wa kwanza darasani, bali kwa sababu kaka yake, aliyeshika mkia, alitakiwa kuendelea, na aliyemwambia kwamba Mungu huwakuza watu wake kwa kuwanyima ni kaka huyo huyo, akiwa amevaa viatu vipya.

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akafua mashuka ya wagonjwa kwa miaka thelathini na mitano mpaka mikono ikachunika, na tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa na fundi seremala, mtu mpole mwenye mzaha, wakajaliwa binti mmoja. Mumewe alifariki tarehe 17 Juni 1998, na msibani kaka alihubiri kwamba dhahabu haina budi kupita motoni, kisha akawahi kuondoka, kwa kuwa moshi wa jikoni ulimwumiza macho.

Tarehe 9 Agosti 2014 miguu ya marehemu ilikufa ganzi, akalala kitandani miaka sita, na hapo ndipo walipoanza kuja watu wa darasa la Jumatano, lile ambalo kaka yake hufundisha uvumilivu, wamejipanga kwenye kochi kama sahani kabatini, kila mmoja na aya yake, wakimweleza mwanamke aliyefua damu za watu miaka yote hiyo kwamba dhiki huleta saburi. Hakubishana nao, maana Neno ni kweli, ila alisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, akataka beseni la mashuka machafu liwekwe karibu na mlango, na kila aliyetamka neno vumilia alikabidhiwa beseni hilo kwa upole. Baada ya miezi mitatu kochi lilikuwa tupu.

Kaka yake alikuja mara kumi na moja, akikaa dirishani penye hewa, na mara ya kumi na moja, alipopewa beseni, alikumbuka kwamba ana mazoezi ya kwaya, ingawa haimbi, na Jumapili iliyofuata akamtaja dada yake madhabahuni kuwa mfano wa kukua kiroho.

Marehemu ameomba kukua huko kuelezwe sawasawa: mwaka wa kwanza alimwomba Mungu kaka yake augue kama yeye, mwaka wa tatu akaomba asimwone tena, na mwaka wa sita, baada ya kulia sana, akaweza kuomba kaka yake afue shuka moja tu, ajue mzigo anaoufundisha una uzito gani, na alisema hiyo ndiyo safari yote aliyotembea na Mungu, hana nyingine.

Alifariki, na hapa ni binti yake aliyejaza, tarehe 21 Oktoba 2020, saa nne asubuhi, mikononi mwa binti huyo, akiwa ameagiza shuka lake la mwisho lisiguswe na mtu ila kaka yake.

Anamshukuru daktari aliyemwambia ukweli mapema, wafuaji wenzake waliokuja kila Jumamosi kumgeuza, na jirani yake muuza mkaa, asiyejua kusoma aya hata moja, aliyebeba beseni siku ya kwanza bila kuambiwa; darasa la Jumatano analishukuru kwa aya.

Karatasi yake inaishia hapa, yanayofuata ni yangu. Leo alfajiri nimelifua lile shuka, mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza sikuweza, mpaka muuza mkaa akanionyesha namna ya kulisugua. Liko kambani, bado linadondosha maji. Jumatano hii hakuna darasa, nendeni mkaangalie nani amelala kitandani mgonjwa. Dada, beseni liache, upumzike kwa amani.