Dakika Alizobakiza Herminia

NEREIDA: Haloo? (kimya) Haloo? Ni nani? Nauliza, nani huyo kashika simu hii?

EUSEBIO: Mimi, Nere.

NEREIDA: Baba?

EUSEBIO: Baba yako. Usiogope.

NEREIDA: Yesu wangu! Baba, hapa imeandika “Mama”. Moyo umenidondoka miguuni. Simu inalia, natazama, “Mama”, na mtu tumemzika mwezi mzima sasa. Ndiyo nini kufanyiana hivyo?

EUSEBIO: Ya kwangu imekwisha salio.

NEREIDA: Imekwishaje? Si nilikujazia Jumapili?

EUSEBIO: Imekwisha, basi. Nikaitoa hii ya mama yako kwenye ule mfuko wa plastiki waliotukabidhi hospitali, nikaichomeka kwenye umeme. Ikawaka. Ina dakika kumi na moja.

NEREIDA: Wewe ambaye hutaki hata mtu ausogeze ule mfuko.

EUSEBIO: Leo nimeusogeza. Uko wapi?

NEREIDA: Kazini, nitakuwa wapi tena? Hata sijakuamkia. Shikamoo.

EUSEBIO: Marahaba. Kazini ndani au kazini nje?

NEREIDA: Nimo kwenye gari, hapa maegesho ya kiwanda. Zamu saa tisa, bado— (anakohoa) bado mapema.

EUSEBIO: Kohoa vizuri, mama, usiimeze.

NEREIDA: Vumbi tu. Kuna upepo hapa, usiombe. (mkwaruzo) Unausikia? Upepo na mavi ya ng'ombe, Nebraska yenyewe hiyo.

EUSEBIO: Miaka kumi na tisa ya kazi nimeuvuta upepo huohuo getini hapo, haujanikohoza. Nere, niliingia bafuni kunyoa.

NEREIDA: Wewe? Kunyoa? Na hizo ndevu zimeshakuwa kichaka—

EUSEBIO: Nikafungua kile kikabati. Jana ile karatasi ya vidonge vya homa ilikuwa nzima. Leo ina matundu manne.

NEREIDA: Kichwa kiliniuma.

EUSEBIO: Viwili asubuhi. Viwili umeondoka navyo. Umevimeza saa ngapi?

NEREIDA: Baba, usinianze.

EUSEBIO: Saa ngapi?

NEREIDA: Saa nane. Saa nane kamili.

EUSEBIO: Na hii ni saa nane na ishirini na tano. Kwa hiyo unangoja vishike. Umejifungia garini, kiyoyozi umekifungulia mpaka mwisho, kopo la soda la baridi umelibandika kwenye paji la uso—

NEREIDA: Nani kakwambia?

EUSEBIO: Saa tisa kasoro ishirini unashuka. Unapanga foleni ya lile hema la kupima homa. Dada wa hema anakulenga na kile kipimajoto chake kama bastola, kinakusoma baridi kama samaki. Anakubandika kikaratasi cha kijani kifuani, unapita.

NEREIDA: Unaijua vizuri mno hiyo kazi, baba.

EUSEBIO: Naijua.

NEREIDA: Nina pointi sita za kukosa kazi.

EUSEBIO: Najua.

NEREIDA: Ya saba ni mlango. Hakuna kuitwa, hakuna kusikilizwa. Unakuta beji haifungui geti.

EUSEBIO: Mimi sikusoma, lakini pointi zako nazijua kama rozari. Moja ya theluji, gari lilipogoma. Mbili za kujifungia ndani kwa karantini, na wenyewe ndio waliokwambia ujifungie! Na tatu—

NEREIDA: Tatu za mama.

EUSEBIO: Tatu za mama yako! Sasa niambie, ni mtu wa namna gani huyo, anakaa ofisini, anashika kalamu, anaandika: huyu kakosa kazi, alikuwa amesimama nje ya dirisha la hospitali? Halafu wanatundika bango, “Hapa Wanafanya Kazi Mashujaa”. Wanawagawia fulana! Shujaa mwenye pointi sita!

NEREIDA: Baba, usipige kelele. Dakika zinakwenda.

EUSEBIO: Ziende! Wakubwa walisema nchi itakosa nyama. Wao wanaikata kwa simu, wamejifungia majumbani na mbwa zao. Wewe unaikata kwa kisu, bega kwa bega na watu elfu mbili. Ng'ombe akikohoa, wanaita daktari. Ningekuwa na akili ningekuzaa ng'ombe.

NEREIDA: (anacheka, anakohoa) Acha, baba, kucheka kunaniumiza.

EUSEBIO: Kunakuumiza wapi?

NEREIDA: Popote.

EUSEBIO: Kifuani?

NEREIDA: Baba, sikiliza. Nikikosa leo tutakula nini? Ile fulana? Mikono yako haifungi hata kifungo cha shati. Nyumba ni mimi, taa ni mimi, hiyo sindano yako ya sukari ni mimi.

EUSEBIO: Wakikupata na homa si wanakurudisha nyumbani ukapime?

NEREIDA: Na pointi juu. Inafutwa ukiwapelekea majibu. Majibu yanachukua siku kumi, baba. Pointi inachukua dakika moja.

EUSEBIO: Mbwa hao.

NEREIDA: Mbwa, sawa. Lakini ndio wanaolipa.

EUSEBIO: (mkwaruzo) —kushoto kwako?

NEREIDA: Nini? Umekatika.

EUSEBIO: Nauliza, nani anasimama kushoto kwako kwenye mstari?

NEREIDA: Unamjua.

EUSEBIO: Sema.

NEREIDA: Rosaura.

EUSEBIO: Rosaura. Sukari yake mbaya kuliko yangu. Kasimama na mama yako miaka sita. Siku tuliporudi kutoka makaburini alituletea chakula, tamale, akaziacha mlangoni, akatupungia mkono kutoka barabarani, analia ndani ya barakoa.

NEREIDA: Wametuwekea mapazia.

EUSEBIO: Ya plastiki, kama ya bafuni. Yanaishia kiunoni. Nyama mnapeana chini yake, pumzi mnapeana juu yake.

NEREIDA: Kwani nikikaa nyumbani ndiyo atapona? Wote wanakohoa, baba! Nusu ya watu kwenye maegesho haya wana kopo la soda usoni. Ukimtikisa mtu hapa analia kama chupa ya vidonge. Kwa nini mimi tu?

EUSEBIO: Kwa sababu wewe ndiye uliyebaki.

NEREIDA: Na mama? Yeye si alikwenda? Siku nne amekwenda na homa yake, hukumwambia arudi nyumbani.

EUSEBIO: Mama yako wamemuua wao.

NEREIDA: Baba.

EUSEBIO: Wao! Na ile zawadi yao ya pesa ya mwezi bila kukosa kazi, na hema lao, na—

NEREIDA: Baba, dakika arobaini.

EUSEBIO: Nini?

NEREIDA: Vidonge viwili, dakika arobaini, kopo la soda. Unadhani nimejifunzia wapi? Nilikuwa chumbani, mlango uko wazi. Nilikusikia. Umekaa jikoni unatazama saa ya ukutani, unamwambia, “Bado, Herminia. Bado, kaa kidogo. Haya, sasa.”

(kimya)

NEREIDA: Baba? Umekatika?

EUSEBIO: Nipo.

NEREIDA: Sikutaka kuisema.

EUSEBIO: Sema. Ni kweli. Siku ya nne aliniambia, “Eusebio, leo kahawa haina ladha.” Nikamwambia, ni kahawa ya bei rahisi, kunywa. Nikampa vitatu badala ya viwili. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu atimize mwezi. Mimi ndiye niliyeendesha gari. Alipofika kwenye hema aligeuka akanionyesha kile kikaratasi cha kijani, kama mtoto kashinda kitu. Nami nikampigia honi.

NEREIDA: Basi, baba.

EUSEBIO: Mtego waliutega wao. Hilo nitalisema mpaka naingizwa kaburini. Lakini mkono uliomsukuma mgongoni ni huu wangu, huu usiofunga kifungo.

NEREIDA: (analia) Basi. Hakuna aliyekulaumu.

EUSEBIO: Na hizi dakika. Unajua kwa nini zipo?

NEREIDA: Hapana.

EUSEBIO: Alinipigia kutoka kitandani. Anahema, neno moja, anapumzika, neno moja. Hakuwa na jambo. Anauliza kama nimemwagia maji mipilipili yake dirishani. Nikamwambia, kata, mama, usimalize salio, utanipigia kesho. Akakata. Miaka thelathini hajawahi kunitii upesi hivyo. Kesho yake wakamtia ule mpira kooni. Haya ndiyo mabaki.

(mkwaruzo mrefu)

NEREIDA: Ungeziacha, baba. Ungeziacha hivyohivyo.

EUSEBIO: Washa gari, urudi nyumbani.

NEREIDA: Siwezi.

EUSEBIO: Nere—

NEREIDA: Siwezi! Saa imekaribia. Watu wameshaanza kupanga. Nashuka.

EUSEBIO: Usishuke. Nere! Nimesikia mlango. Umeshuka?

NEREIDA: Nimeshuka. Niko kwenye foleni. Nikihema taratibu sikohoi. Kuna watu, sijui, wanane mbele yangu. Rosaura yuko pale, ananipungia. (mbali) Mzima, mama! Nipo, nazungumza na baba!

EUSEBIO: Amekaribia?

NEREIDA: Anakuja. Anasema anakusalimu. Baba, nikate sasa, wanakataza simu hemani.

EUSEBIO: Ngoja. Nere, ngoja kwanza. Salio langu halikwisha hivihivi.

NEREIDA: Sasa salio lako linahusu nini?

EUSEBIO: Ile barua ya kiwanda kwenye friji, tumeibana na kile kisumaku cha ng'ombe. Ina namba pale chini. Ya kutoa taarifa za ugonjwa.

NEREIDA: Baba.

EUSEBIO: Nilibonyeza mbili, ya Kihispania. Wakanichezea gitaa robo saa nzima nikingoja, mpaka salio linatoa roho. Mwisho kaja binti mmoja. Sauti ndogo.

NEREIDA: Ulimwambia nini?

EUSEBIO: Akaniuliza, unampigia nani, mkubwa wako wa kazi? Nikamwambia mimi sina kazi, nina binti.

NEREIDA: Ulimwambia nini, baba!

EUSEBIO: Jina lako. Namba ya beji nimeisoma kwenye hati yako ya mshahara. Nikasema ana homa tangu jana, kameza vidonge, kipimajoto chenu kitawadanganya, msimpitishe.

NEREIDA: Uliwapigia wao. Wewe. Uliyetema mate pale getini siku ya mazishi, mpaka mlinzi akakushika shati.

EUSEBIO: Mimi. Na nikamwambia tafadhali. Mara mbili nimemwambia.

NEREIDA: Pengine hajaandika. Pengine yule binti hakuandika, baba, wale hawaandikagi kitu—

EUSEBIO: Aliandika. Aliniomba nitaje herufi mojamoja.

NEREIDA: Nilikuwa nimebakiza watu wanne. Wanne tu, baba— Ee, Mungu. Bwana Duane katoka.

EUSEBIO: Nani huyo?

NEREIDA: Nyapara wa zamu yetu. Ana karatasi mkononi. Anasoma beji za watu. Anaanzia mbele.

EUSEBIO: Simama hapohapo.

NEREIDA: Nikimbilie wapi? Jina wanalo! Umenifukuzisha kazi. Umeniua, baba.

EUSEBIO: Hapana. Hapana, mama. Wewe hapana.

NEREIDA: Rosaura ananiuliza kuna nini. Ananiuliza, una nini, mwanangu? Nimwambie nini?

EUSEBIO: Mwambie.

NEREIDA: Siwezi.

EUSEBIO: Mwambie asogee.

NEREIDA: (mbali, anakohoa) Mama Rosaura... usinishike. Hapana, usinishike mkono. Sogea, tafadhali. Kule. (kwenye simu) Amerudi nyuma, baba. Ananitazama tu. Anajifuta mikono kwenye koti.

EUSEBIO: Ajifute. Ajifute mpaka ichubuke.

(mlio mfupi)

NEREIDA: Nini hicho?

EUSEBIO: Salio. Imebaki dakika moja.

NEREIDA: Anakuja kwangu. Watu wananiachia nafasi kama... Baba, usikate.

EUSEBIO: Sikati.

NEREIDA: Nimekukasirikia, nikirudi sitaki hata kukuona jikoni. Lakini usikate.

EUSEBIO: Nitakaa nje kwenye ngazi. Sikati. Ongea nami, mama, usibakize kitu, ongea chochote—

NEREIDA: Umemwagia mipilipili?

EUSEBIO: Nimemwagia. Kila siku nimemwagia. Mmoja umetoa ua—

NEREIDA: Ananiita. (mbali) Ndiyo, Bwana Duane. Ni mimi. Ndiyo, nilivimeza. Nina—

(mlio)

EUSEBIO: Una nini? Mwambie. Sema una homa, Nere, sema kwa sauti, wote wasikie. Nere? Haloo? (kimya) Si mimi niliyekata. Unanisikia? Zimekwisha zenyewe, mama, si mimi. Haloo?