Mwenyeji wa Mudathir: Risala ya Wachimbaji kwa Profesa Evaline Anayestaafu

Mgeni rasmi, Profesa Evaline, shikamoo. Hata Mzee Mwinyijuma aliyekuzidi umri amekuamkia. Tumemwambia hii ni risala, avumilie.

KARIBU
Sisi wachimbaji kumi na wawili wa Mbwawa na Kisarawe tunakukaribisha kwenye hafla ya kukuaga. Viti tumeazima msikitini na kanisani, ndiyo maana havifanani.

TULIKOTOKA
Ulipokuja miaka ishirini na miwili iliyopita kutafuta zana za mawe za watu wa kale, tulidhani unatafuta dhahabu na mawe ni kisingizio. Tukachimba kwa pupa, ukatupa brashi. Mtu mzima na jembe lake, kupewa brashi!

Shimo la tatu lilipotoka tupu, tuliogopa kibarua kitaota nyasi. Tukachonga mawe saba kwa nyundo nyumbani kwa Mwinyijuma, tukayafukia. Uliinua moja, ukasema, "Hili lina umri wa Jumatatu." Hukutufukuza. Uliyaweka kabatini chuoni, ukabandika karatasi: Zama za Mwinyijuma.

MAFANIKIO
Sasa tunatofautisha jiwe lililochongwa na mtu na lililopondwa na lori la kwenda Kwala. Tukikosea, ni mara chache kuliko zamani.

Umesomesha wanafunzi wakimbizi tisa, na wote umewaleta kuchimba nasi. Wa kwanza alipofika tulificha brashi, tukidhani amekuja kuchukua kazi yetu. Tuliona aibu, na tunaiona mpaka leo. Wa tisa, Mudathir, ndiye aliyesahihisha risala hii. Kila "h" iliyo mahali pake ni yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

CHANGAMOTO
Kibali cha Mudathir cha kuishi nje ya kambi kinaisha tarehe thelathini, na tasnifu yake imebaki sura moja. Fomu mpya inataka jina la mwenyeji. Miaka yote mwenyeji ulikuwa wewe, na sasa unahamia Bukoba. Asipopata mwingine, atarudi kambini Kigoma kabla hajamaliza.

OMBI
Hatuombi jezi wala turubai. Tunaomba utie saini pale pa kututhibitisha, ingawa unatujua. Chumba kipo kwa katibu wetu, Zawadi, hapa Mbwawa, na mlango unafunga. Fomu ilitaka jina moja. Tumeandika yote kumi na mawili. Mstari haukutosha, tukageuza karatasi.

Mungu akufikishe Bukoba salama, akupe afya na majirani wasiochonga mawe.

Ni sisi,
Wachimbaji wa Mbwawa na Kisarawe,
wenyeji wa Mudathir.