Mzee Dilawar na Kiti cha Mwaka 1999

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, katika wodi ya hospitali hapa Scarborough, Toronto, ilisikika ngo moja, baba yetu Mzee Dilawar Walji amegonga meza ya kitanda kwa kidole kama mwenyekiti anayefunga kikao, kisha akatuacha.

Marehemu alizaliwa Tanga tarehe 4 Aprili 1941, akasoma hukohuko shule ya msingi, akamaliza sekondari Dar es Salaam mwaka 1960, akaajiriwa kuchora ramani za mashamba ya mkonge Korogwe, na tarehe 9 Januari 1966 akamwoa mama yetu Kanizfatema, wakajaliwa watoto watatu, Sibtain, Sabreen na mimi Aqeel ninayewasomea wasifu huu.

Mwaka 1972 walihamia Uingereza, kaunti ya Wexmere, akachora barabara za kaunti ile hadi alipoacha kazi, akagombea udiwani, akachaguliwa Mei 1989. Baraza la kaunti ile lina mwenyekiti tangu mwaka 1889, wa mwanzo walikuwa mabwana wa mashamba waliokikalia kiti mpaka kufa, baadaye ukaja utaratibu wa mwaka mmoja mmoja, kila Mei makamu anapanda na kuvishwa mkufu wa dhahabu, na Mei 1999 aliyevishwa alikuwa baba, mzaliwa wa Afrika wa kwanza kukikalia kiti kile katika miaka mia moja na kumi. Picha ya siku ile mmeiona sebuleni kwetu, na tangu alipohamia Toronto mwaka 2006 wajukuu walimwita Mheshimiwa kwa utani, naye akiwajibu kwamba kikao hakifunguliwi mpaka wamalize wali.

Novemba 2024 figo zilianza kushindwa, na tarehe 2 Machi, akiwa wodini, alituita, akasema, "Zamu ile haikuwa yangu, nilipewa nikaipokea." Makamu aliyepaswa kupanda Mei 1999 alikuwa mama mmoja, mkunga kutoka Mombasa, wakubwa wa chama chao wakaona mwanamke anayejitanda ushungi hafai kuvaa mkufu, wakamruka, wakamfuata baba, akakubali, na mama yule mwenyewe ndiye aliyemfunga mkufu shingoni, mikono yake ikiwa imetulia, mwezi uliofuata akajiuzulu, akafariki mwaka 2008 kabla baba hajamwomba radhi. Baba aliagiza jambo hili lisomwe leo, kaka Sibtain akaomba tuliache, maana hii ni siku ya heshima yake, ndipo mama akaniambia, "Soma, Aqeel, huyo aliyeungama ndiye mume ninayejivunia."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, majirani wa ghorofa ya kumi na moja waliotuletea supu msimu wote wa theluji, na madiwani wenzake waliotuma salamu kutoka Wexmere.

Lala kwa utulivu, baba, tunajivunia kuwa wanao, na agizo lako tunalitimiza mbele ya watu wote hawa, mwenyekiti halali wa mwaka 1999 alikuwa Masoomah Bandali.