Dirisha la Basi la Tororo

Mwaka ule wa pili wa uhuru, basi lilipotoka Busia, mama aliyekaa mbele yangu alifungua dirisha na mzee aliyekaa kando yake akalifunga. Mama akalifungua tena. Mzee alikuwa amekumbatia mrija wake mrefu wa pombe, ule wa kunywea na wenzake kwenye chungu kimoja, akiukinga na vumbi kama mtoto mchanga.

"Mzee, naenda kumwona mume wangu. Amelazwa kwa kifua kikuu," mama alisema. "Daktari ametuambia ugonjwa huu unapita kwenye hewa mtu akikohoa, hasa nyumba ikifungwa."

"Hapana mama, hiyo inapita kwa mrija. Ndugu yangu anakohoa tangu mavuno. Mimi nampa mrija yake, kikombe yake, sahani yake. Hakuna mtu anagusa."

Nilitikisa kichwa kumuunga mkono. Hakuna aliyeniuliza.

"Na analala wapi?" mama akamuuliza.

"Kwangu, pamoja na wajukuu. Usiku tunaziba kila tundu, baridi isimuongezee kikohozi."

Nikaacha kutikisa kichwa.

"Mpeleke hospitali, mzee!" mama akasema. "Na usiku fungua dirisha!"

Basi likasimama njia panda ya kwao. Mzee akashuka na mrija wake. "Nyumba yangu haina dirisha," akasema, akaanza kwenda.

Mama akatoa kichwa nje ya lile dirisha waliloligombania. "Ukuta si wa udongo? Toboa leo, kabla hujakwenda kunywa!"