Kaka Yangu Hakuwa Mvivu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nimeomba nafasi hii ya kushuhudia mara tatu, na leo nitasema yote, hata wazee wakikasirika. Mimi mwenyewe nimekasirika miaka sita.

Kaka yangu Gathogo alikuwa mwalimu huko Kiganjo. Mwaka wake wa mwisho aliacha kula, akaacha kunyoa ndevu, akawa anasimama mbele ya darasa bila kusema neno. Aliniambia, "Wambui, niko hai lakini ndani sisikii kitu." Nikamjibu aache uvivu, kuna watu hawana kazi. Nilisema hivyo mimi, dada yake! Akaenda kwa wazee wa kanisa hili, nao wakamwambia atubu. Atubu nini? Alikuwa mgonjwa.

Jumatatu moja tukaitwa. Gathogo alikuwa amejiua. Na nyinyi mkakataa mwili wake uingie humu. Tulimzika bila hata wimbo mmoja, mama akirudia tu, "Mtoto wangu si mbwa." Tangu siku hiyo hakuna jirani aliyetaja jina lake mbele yetu, kana kwamba hakuzaliwa.

Ndugu zangu, niliwachukia nyinyi. Nilimchukia Gathogo kwa kutuacha, na zaidi nikajichukia mimi. Mwishowe nikawa naimba kwaya hapa mbele yenu huku nikitamani kufa. Hakuna aliyeona.

Jirani yangu pale mtaani Skuta, Mama Nyambura, ni muuguzi. Alikuja kwangu mchana mmoja akanikuta nimekaa jikoni, moto umezimika, watoto hawajala. Akaniuliza wazi, "Wambui, unafikiria kujiua?"

Nikasema, "Ndiyo."

Hakunikemea. Alikaa chini kando yangu, akanishika mkono, akasema, "Basi leo sikuachi peke yako." Akanipeleka kwa daktari. Nilipewa dawa, nikawa narudi kila wiki, naye akinisindikiza. Aliomba pia, sana, lakini hakuniambia nitubu ugonjwa. Polepole chakula kikaanza kuwa na ladha. Mungu alinitoa shimoni kwa mkono wa mama huyo, na ninamshukuru mbele yenu.

Hasira bado niko nayo, na sitaiombea msamaha. Lakini kama kuna mtu hapa amechoka kuishi, mtumaini Mungu, na useme. Usingoje ibada iishe. Simama tu, nami nitatoka nje na wewe.