Michongoma ya Kiwanja Chetu

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya kinyozi, linatazama kiwanja cha nyasi. Siku hizi nyasi hatuzioni, tunaona michongoma tu. Tuliipanda wenyewe, kila mtaa upande wake, baada ya diwani wetu, mwanamke asiyetulia, kunusa kwamba kuna tajiri anakimezea mate kiwanja ajenge maghala. Tajiri alikata tamaa. Lakini watoto nao hawachezi humo tena, na asubuhi hiyo tulikuwa tunabishana kwa nini.

Kinyozi alilaumu simu, eti watoto wa sasa wanacheza kwa vidole. Fundi Redio, anayekaa ng'ambo ya kiwanja, akasema nyasi zenyewe zimeharibika, za zamani zilikuwa laini. Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku, akaapa kwamba kiwanja kinadidimia polepole, na watoto wameshastuka.

Diwani akatokea, viatu vimejaa tope. Tangu alfajiri alishapita kwenye bomba lililopasuka, msibani, na kwa majirani wanaogombea mtaro. Tukamsogezea kikombe.

— Mheshimiwa, kiwanja umekipigania wewe, mbona huingii hata kupumzika? akauliza Kinyozi.

— Nafasi naitoa wapi, kaka yangu? Nikitoka hapa nina kikao. Lakini nakitamani. Utotoni tulikuwa tunalala chali pale katikati, tukimsubiri mama atoke kazini. Kila nikipita nasikia harufu ya nyasi, moyo unaniuma.

Hakuna aliyemtania. Hamu hiyo tunayo wote, hatuisemi tu.

Ndipo akaja mama mmoja aliyehamia juzi, mpira kwapani, kamshika binti yake mkono. Akatusalimia vizuri.

— Samahani ndugu zangu, mlango wa kuingia kiwanjani uko upande gani?

— Kwa kina Fundi, akasema Kinyozi bila kufikiri.

— Kwetu? Fundi Redio akageuka. Sisi tumepanda mwanzo hadi mwisho. Si mliuacha nyie?

Profesa akataja upande wa shule, kisha akakumbuka kwamba waliopanda kule nao hawakuacha upenyo. Diwani aliweka kikombe chini.

— Zunguka tu, mdogo wangu, akasema kwa sauti ndogo. Utauona.

— Dada, nimeshazunguka pande zote.