Figa ya Tatu ya Mama Emérence

Wapendwa wote muliofika hapa Muheto, padri wetu na wakatekista, ndugu wa Kibabi, jirani, na ninyi wa association muliojaza kiwanja changu tangu juzi mpaka mimi mwenye nyumba nakosa pa kukaa, jina langu ni Nestor, bwana ya marehemu. Ninajua kama si desturi mufiwa kusimama na kusoma, bwana anapashwa kukaa kimya ku mukeka na kupokea pole, na famille ilikuwa imechagua Élie, mutoto wetu wa kwanza, lakini nimeikamata karatasi mikononi mwake, sababu kila mutu hapa anajidai kumujua Emérence kunishinda, na leo, mara moja tu, nitamusema mimi.

Ninajua pia munangoja nini. Shimo imekwisha kuchimbwa hapa nyuma, mu shamba yangu ya ndizi, kando ya baba na mama yangu, lakini lori iliyowaleta ninyi wa Kibabi imegeuzwa, pua yake inaangalia Kibabi, wala hakuna mutu aliniuliza. Wakimbizi wanaomba marehemu azikwe kule, mu kiwanja wanapozika watu wao. Niliwajibu asubuhi kama nitatoa neno langu nikimaliza kusoma, basi muvumilie, na mimi ninasoma polepole.

Marehemu Emérence alizaliwa Kibabi, tarehe 14 mwezi wa tatu 1968, mutoto wa tatu wa wakulima wa maharagi na mihogo, akabatizwa Pasaka ya mwaka ule, na tangu utoto wake, kama vile mama mukwe wangu alinisimulia, alikuwa hawezi kukula kiazi bila kukivunja na kutafuta wa kumupa nusu. Alisoma masomo ya musingi pale Kibabi toka 1974 mpaka 1980, kisha akaenda kwa masista, akapata diplôme yake ya ualimu mwaka 1987, na mwezi wa tisa ya mwaka ule ule akatumwa kufundisha hapa Muheto. Mimi ni fundi wa kujenga, nilikuwa ninajenga ukuta wa darasa lake, na ukuta ambao ningemaliza kwa juma moja ulinikamata mwezi muzima, sababu kila saa sita alikuwa anatoka inje na kunivunjia kiazi. Nilizania ni mimi peke yangu anayevunjiwa.

Tulifunga ndoa mbele ya kanisa siku ya posho, ndiyo Jumamosi, tarehe 12 mwezi wa nane 1989, na mahari niliitoa yote, wajomba wake wako pale, kama kuna mbuzi iliyobaki wasimame waseme. Munaona, wamekaa. Ninayasema haya kwa sababu kwetu mwanamuke aliyelipiwa analala kwa bwana yake, na kama bibi anarudishwa kuzikwa kwa wazazi wake, watu wanamucheka yule bwana miaka yote, wanasema hakumaliza, ao walikuwa wameachana ndani ya nyumba. Mungu alitupa watoto watatu, Élie mwaka 1990, Astrid mwaka 1992, na Mapendo mwaka 1997, wote wazima, wote wako hapa.

Mwezi wa tano mwaka 1993 vita ilitufukuza, tukatembea na Élie mu mugongo na Astrid ku kifua, mpaka Pinga, kule mu pori ya Walikale, mahali hatukujua mutu hata moja, na mama moja wa pale, bibi ya muwindaji, akatuingiza kwake, akatulisha mu chungu yake bila kutuuliza luga ya baba zetu. Kisha asubuhi moja yule mama alizima moto yake, akang'oa figa moja kati ya zile tatu za jiko yake, akaiweka inje karibu na mulango wetu, akatuambia kama zile zingine mbili tutafute sisi wenyewe, toka leo tupike yetu. Mimi nilizania anatufukuza, nikaanza kukunja mukeka, Emérence akanikamata mukono, analia na kucheka pamoja, ananiambia eti Papa Élie, wacha ujinga, sasa ndiyo anatupokea. Yeye alielewa palepale: mutu akikulisha kila siku, kila tonge unamezea haya, lakini ukiwa na moto yako mu kiwanja cha mutu, unaweza na wewe kumuita akuje aonje. Tulirudi Muheto mwaka 1995, na toka siku ile nilisikia habari ya mama wa Pinga asubuhi na mangaribi, Emérence akimusifu kushinda mama yangu muzazi, na mama yangu alikuwa angali muzima, akisikia.

Tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2008, wakati wakimbizi walijaa Kibabi mpaka ndani ya kanisa, marehemu na Jean-Bosco, katekista wa kule, walianzisha association Tukaribishane. Hawakujenga kambi. Walipita nyumba kwa nyumba, wakiomba kila mwenye kiwanja apokee famille moja, na famille ikipata mahali, association ilileta bâche ya kuezeka kibanda, maharagi ya mbegu, jembe, na figa moja, na ile figa, wapendwa, marehemu hakuikubali itoke mahali pengine popote, ilikuwa lazima itoke ku jiko yake mwenyewe, maana yake ku jiko yangu.

Sasa munisikilize vizuri. Nilikuwa ninarudi kazini na njaa, ninakuta mafiga mbili na chungu imekaa chini, na bibi yangu amepanda pikipiki kwenda Kibabi na jiwe ku magoti, dereva analalamika kama mupira wa gurudumu utapasuka. Ninapanda kule juu nyuma ya malisho, ninatafuta jiwe ingine, na si jiwe yoyote tu, ile ya mutoni ina maji ndani, inapasuka mu moto na kumwaga mboga, unapashwa kupata ile nyeusi, nzito, uichonge chini ikae bila kuyumba. Ninaileta, tunapika juma moja, mbili, kisha famille ingine inafika, na jiwe inaenda. Alikuwa analala Kibabi juma nzima. Akirudi, analala akisema majina ya watu, eti Mukasine amejifungua, eti mutoto wa Umugwaneza ameingia masomo, na mimi ninageukia ukuta. Ndiyo, nilikuwa na wivu, na ninao mpaka sasa, sioni haya kuusema mbele ya padri. Kama ingekuwa mwanaume mumoja ningempiga ngumi tukamaliza, lakini utapiga ngumi milima mizima?

Mwaka 2014 tulitimiza miaka makumi mbili na tano ya ndoa, nikashuka Goma, nikamuchagulia kikwembe, kitenge ya njano yenye ndege za bluu, nikairudisha chini ya shati isilowe na mvua. Aliivaa ku misa ya siku ya mungu, moja tu. Siku ya tano ninaenda soko, ninaona zile ndege zangu ku mugongo ya mwanamuke nisiyemujua, alikuwa ametoka Pinga na nguo moja ya kupasuka, na marehemu kusikia tu neno Pinga, alikwisha kufungua sanduku. Huyo mwanamuke ndiye Mama Agathe. Yuko hapa ku musitari wa kwanza, na ile kikwembe ameivaa leo. Usijifunike, Mama Agathe, watu waione, ni nzuri, nilichagua vizuri.

Tangu mwezi wa pili 2022 damu ya marehemu ilianza kupanda, docteur akamukataza chumvi na safari, akaacha chumvi. Tarehe 6 mwezi wa sita mwaka huu wa 2023 alianguka mu njia, anatoka kupeleka figa kwa famille ya mwisho, akapelekwa hospitali, na pale pia sikumupata. Muuguzi alitoka akauliza nani wa famille, watu wakasimama veranda nzima, na mimi nilikuwa nyuma yao, mufupi vile munaniona, nikarukaruka kama mutoto anayetafuta kuona musafara. Siku nilipobaki naye sisi wawili, nilimuuliza anapenda kulala wapi. Nilikuwa ninangoja neno moja tu, aseme kwako. Aliniangalia sana, akajibu eti Papa Élie, utaona wewe mwenyewe. Roho iliniuma, na inaniuma nikisimama hapa. Alikata roho tarehe 19 mwezi wa sita, saa kumi na moja ya asubuhi, mukono wake wa kuume ukiwa mu mukono wangu, na wa kushoto, sitaficha, mu mukono wa Agathe.

Asubuhi hii, mbele ya misa kuanza, Mama Agathe alikuja na wakubwa wa wakimbizi, wakapiga magoti mu matope, wakaniambia kama kile kiwanja cha Kibabi walikopeshwa na muzee ambaye amekufa, na watoto wake wanataka kukizungusha senyenge na kuingiza ng'ombe, sababu waliolala mule ni wageni, hakuna famille ya pale itakayowalilia. Lakini Emérence ni mutoto wa Kibabi. Akilala kati yao, wajomba wake wana neno, chefu ana neno, na hakuna mufugaji wa Masisi atakayekanyagisha ng'ombe ku kaburi ya binti wa udongo ule. Basi mutoto wa Agathe hatakanyagwa, yule aliyemuzika mule mwaka wa kufika. Hilo sikulijua. Miaka yote nilikuwa ninaangalia ile kikwembe, na sikujua kama siku alipovalishwa, alikuwa ametoka kuzika.

Nilikasirika tena. Niliwaza, hata akiwa amekufa munamutuma kazi! Nikatoka inje nisiwajibu vibaya, nikafika ku mulango wa kiwanja, nikakuta mawe. Ninyi wakimbizi mumekuja kila famille na figa yake, mumezipanga pale, zote nyeusi na masizi, mukitaka kuzungushia kaburi ya mama yenu. Nikainama. Kumbe, ni mawe yangu! Ninaijua kila moja, hii niliichonga na nyundo iliyokatika mupini, ile ilinivunja kucha, ile ingine niliitukana toka juu ya malisho mpaka nyumbani. Yeye alikuwa anatoa, lakini nani alikuwa analeta? Milima yote hii imepika juu ya mawe ya Nestor, na hakuna hata mutu moja aliyeniambia aksanti, sababu yule mwanamuke hakuwaambia, na mimi pia hakuniambia. Nilikaa pale chini, nikacheka peke yangu, Astrid akakimbia akizania nimepata wazimu.

Mbele ya neno langu, shukrani. Ninashukuru docteur na wauguzi waliopigana mpaka asubuhi ile, na wanisamehe kelele. Ninashukuru jirani wa Muheto, mulionipa ugali siku zile chungu yangu ilikuwa chini, na kunicheka pia. Ninashukuru Jean-Bosco na watumishi wenzake wa Tukaribishane, mulitembea naye mu matope kule mimi sikutaka kutembea. Mama Agathe, nakushukuru kwa ule mukono wa kushoto.

Sasa neno langu. Mahari nililipa, mumesikia, na atakayecheka aje acheke mbele yangu. Lori ibaki vile ilivyogeuzwa. Emérence aende Kibabi. Élie, kata mugomba moja mukubwa, uulalishe mu ile shimo ya nyuma na kuifukia, kama desturi, shimo isibaki wazi inangoja mutu. Ninyi na mawe yenu, kila mutu abebe jiwe lake arudi nalo nyumbani, hamuwezi kuzungushia kaburi na jiko za watu wanaokula, marehemu angewafukuza. Jiko yangu mimi imebaki na mafiga mbili, ile ya tatu alianguka akitoka kuipeleka, na sikupanda tena malisho kutafuta ingine, kwa sasa ninakula kwa Astrid. Moja ya hizo mbili iende naye leo, iwekwe ku kichwa chake. Na ku upande wake wa kuume muache nafasi ya mutu moja, na ninawaomba, ninyi mulionikamatia bibi yangu miaka yote hii, pale musimuzike mutu mwingine, hata akikosa pa kulala.

Mama Élie, pumuzika sasa kwa amani, kati ya watu wako, lakini usisinzie sana. Kuna mukimbizi mumoja wa mwisho atakayekufikia kutoka Muheto, hatakuwa na bâche wala jembe, atakuwa na jiwe moja mukononi, na utampokea wewe mwenyewe.